Mbu wa mashamba yetu: bwawa gani lifukiwe, bwawa gani lichungwe

Swali hili linarudi karibu katika kila mkutano wa koperative, iwe Musienene, iwe Mangina, iwe upande wa Mutwanga: je, mabwawa yetu ya samaki ndiyo yanatuletea malaria? Majirani wanalalamika, chefu wa kartie anapita na kusema yafukiwe, na mwenye bwawa anajibu kwamba mbu walikuwako hata kabla babu yake hajashika jembe. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Lakini kabla ya kufukia bwawa lililochimbwa kwa jasho la wiki nyingi, na ambalo linalipa minerval ya watoto, inafaa tujue ni mbu gani anazaliwa ndani yake. Sababu mbu si mmoja.

Wengine watauliza: gazeti la kilimo linatafuta nini katika mambo ya mbu, hiyo si kazi ya waganga? Jibu liko shambani. Mvua zetu kubwa ni mbili, ile ya mwezi wa tatu hadi wa tano na ile ya mwezi wa nane hadi wa kumi na moja. Ndiyo misimu ya kupanda na kupalilia, na ndiyo misimu ya mbu. Mama akilala siku tano na homa, au akikaa siku tano kwenye kituo cha afya na mtoto, magugu hayamngoji. Tena, sehemu kubwa ya maji ambamo mbu wanazaliwa katika vijiji vyetu ni maji tuliyoyatengeneza sisi wenyewe kwa jembe: mifereji, mabwawa, mashimo ya matofali, matuta ya mabondeni. Munganga hawezi kuyabadilisha. Mwenye shamba anaweza.

Hatujasahau mwaka 2018. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane, kuanzia upande wa Mangina, na watu wengi wakaogopa hospitali. Wakati huohuo malaria ilikuwa inapanda. Mwezi wa kumi na moja OMS ilieleza kwamba visa vya malaria katika Kivu ya Kaskazini, kwa mwezi wa tisa, vilikuwa vimefika mara nane ya vile vya mwezi uleule wa 2017, na kwamba hadi nusu ya watu waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Tarehe 28 mwezi ule kampeni ikaanza Beni, nyumba kwa nyumba, kugawa dawa za malaria pamoja na vyandarua, ikilenga watu hadi 450,000. Kila homa ya malaria iliyozuiwa siku zile ilikuwa mtu mmoja pungufu katika mstari wa wale wanaoshukiwa Ebola.

Mbu ni wengi, kazi zao si moja

Duniani kuko aina zaidi ya 3,500 za mbu. Katika kiganja hiki cha nchi, kutoka misitu ya Semliki hadi vilima vya Lubero, kuko aina nyingi sana, kwa sababu tuna kila kitu wanachopenda: joto chini, baridi juu, msitu, mabonde, miji, migomba. Wengi wao hawatuhusu. Kuko wanaouma ndege tu, kuko wanaouma vyura. Na katika aina zote, dume hanyonyi damu. Ni jike anayeitafuta juu ya mayai yake.

Kwa mkulima inatosha kutofautisha familia tatu. Ya kwanza ni Anopheles, anayebeba malaria. Anauma usiku, hasa watu wakiwa wamelala, na akitua ukutani anainua mgongo juu kama mtu anayeinama kupalilia. Ya pili ni Culex, yule wa makelele sikioni, anayetua akiwa amelala sambamba na ukuta. Ya tatu ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hata shambani.

Watoto wao majini, wale viluwiluwi, wanatambulika vizuri zaidi kuliko wazazi. Chota maji kwa kikombe cheupe uache yatulie. Kiluwiluwi cha Anopheles kinalala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, kwa sababu hakina mrija wa kupumulia. Vya Culex na Aedes vinaning'inia, kichwa chini, mkia juu, vikivuta hewa kwa mrija ulio mkiani. Mtoto wa darasa la tatu anajifunza hiyo kwa dakika kumi. Na hapo ndipo ugomvi mwingi wa kartie ungeisha: mara nyingi maji machafu yanayolaumiwa kwa malaria yana Culex tu, na Anopheles mwenyewe anazaliwa kwenye maji safi ya mvua katika nyayo za ng'ombe, mahali hakuna mtu anayetazama.

Butembo si Beni

Kati ya miji hii miwili kuko barabara ya kilometa 54 tu, lakini kwa mbu ni nchi mbili. Beni iko kwenye mita 1,100 hadi 1,200 juu ya bahari, Butembo inapita 1,700. Joto la kawaida Beni ni karibu digrii 23, Butembo karibu 18. Hizo digrii tano zina maana kubwa, na inafaa kueleza kwa nini.

Mbu anaponyonya damu ya mgonjwa, kijidudu cha malaria hakiko tayari mara moja. Kinahitaji siku kadhaa kukua ndani ya tumbo la mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Katika digrii 25 kinachukua karibu siku 12. Katika digrii 20 karibu siku 28. Chini ya hapo muda unarefuka mpaka unapita maisha ya mbu mwenyewe: anakufa kabla mzigo wake haujaiva. Ndiyo sababu wazee wa Butembo wanakumbuka mji wa baridi ambapo palu ilikuwa ugonjwa wa wale wanaotoka chini.

Sasa, mbu wa malaria haishi nje kwenye baridi. Usiku yuko ndani ya nyumba, ambako kuko joto la watu na la moto wa jikoni, na pale digrii zinapanda. Ukikata miti ya bonde na jua likapiga maji, kiluwiluwi nacho kinakua haraka. Ongeza biashara: kila siku watu wanashuka kununua kakao na mafuta ya mawese, wanapanda tena na vijidudu katika damu. Na mtu wa juu hajazoea. Mkubwa wa Beni ambaye ameumwa na malaria tangu utoto ana kinga kidogo. Mkubwa wa Butembo au Kyondo anaweza kuangushwa kabisa, sawa na mtoto. Kwa hiyo wanaosema "huku kwetu juu hakuna neno" ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Wabebaji wakubwa wa malaria katika nchi yetu ni wawili, na hawapendi nyumba moja. Anopheles gambiae anataka maji madogo, mapya, yenye jua, bila majani: alama za matairi ya pikipiki na fuso, nyayo za ng'ombe, shimo la kutoa udongo wa matofali, mtaro uliochimbwa juzi. Anopheles funestus anataka maji yanayodumu, yenye manyasi pembeni na kivuli kidogo: bwawa lililoachwa, kingo za kinamasi, mfereji uliojaa majani. Wa kwanza anatawala mvua zikinyesha. Wa pili anaendelea hata kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, wakati watu wameshaacha kujilinda.

Mashimo ya matofali ni mambo ya haraka kusema na magumu kutenda. Shimo likishatoa udongo, lifukiwe au lipewe njia ya maji kutoka. Koperative inayokodisha bonde kwa watu wa matofali iandike hiyo katika mapatano kabla ya kupokea franka.

Bwawa la samaki: la nani lina hatia?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Jibu zuri ninalolijua linatoka Kisii, magharibi ya Kenya, vilima vyenye urefu karibu sawa na wa Butembo, migomba na chai kama kwetu, na mabwawa madogo ya familia kama yetu. Huko watu wengi walichimba mabwawa, kisha wakayaacha: samaki waliibiwa, au vifaranga vilikosekana, au faida ilikuwa ndogo. Watafiti walipopima, walikuta mabwawa yaliyoachwa yana viluwiluwi vya Anopheles vingi kuliko yale yanayofanya kazi. Halafu wakajaribu kitu rahisi: walirudisha tilapia, yule Oreochromis niloticus tunayemfuga hata sisi, katika mabwawa mawili, wakaacha la tatu bila samaki kwa kulinganisha. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya gambiae na vya funestus vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya 94 kwa 100. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2007.

Kwa hiyo bwawa lenye samaki linakula mbu. Bwawa lisilo na samaki linazaa mbu. Chefu wa kartie anayetaka mabwawa yote yafukiwe anakosea, na mwenye bwawa ambaye alivuna miaka mitatu iliyopita na hajarudisha vifaranga anakosea pia.

Lakini tilapia si mchawi. Hawezi kufika mahali ambapo maji yana kina cha vidole vinne na manyasi yameingia. Pale pembeni ndipo viluwiluwi vinajificha, na nimeona mabwawa yenye samaki wanono katikati na Anopheles wengi kwenye ukingo. Ukingo ukatwe wima, usiteremke polepole kama njia ya kuchotea maji. Maji ya pembeni yafike angalau kwenye goti. Manyasi yaliyolalia maji yakatwe kila wiki mbili, wape sungura au mbuzi. Kama mboji unayotia kwa ajili ya samaki imezungushiwa miti kwenye kona, angalia ndani ya ile kona: samaki wakubwa hawapiti kati ya miti, na viluwiluwi vinafurahi. Wacha nafasi ya samaki wadogo kupita. Na ukivua bwawa lote, usiliache na maji ya robo kwa miezi ukingoja pesa za vifaranga. Likauke kabisa, ambayo ni nzuri pia kwa kuua magonjwa ya samaki, ama lijazwe na samaki warudi.

Neno gumu ni mabwawa ya watu waliokimbia. Upande wa Beni kuko mabonde mazima ambayo wenyewe hawawezi kufika juu ya usalama. Pale ambapo kufika ni salama na mwenyewe amekubali, koperative inaweza kutia tilapia mia moja tu katika bwawa la mkimbizi. Hawatahitaji chakula kingi, watazaana, watakula viluwiluwi, na siku mwenyewe akirudi atakuta kitu cha kuanzia.

Mabonde na mafunjo

Hapa ndipo mimi kama mtu wa kilimo sina raha, kwa sababu tumewashauri watu walime mabonde, na tutaendelea kuwashauri. Vilima vimechoka, udongo umeshuka, bonde ndilo lenye rutuba na maji ya kiangazi kwa kabichi, vitunguu na viazi. Lakini kilichotokea Kabale, kusini magharibi ya Uganda, kinafaa kujulikana.

Kabale ni nchi ya juu, baridi kama Lubero. Mabonde yake yalikuwa yamejaa mafunjo. Baada ya muda mengi yakakaushwa kwa kilimo na malisho. Watafiti walilinganisha vijiji vilivyo pembeni ya mafunjo ya asili na vijiji vilivyo pembeni ya mabonde yaliyolimwa, na matokeo yakatoka mwaka 2000. Pembeni ya mabonde yaliyolimwa joto lilikuwa juu kwa karibu digrii moja, na pale usiku ulipokuwa na joto zaidi, gambiae ndani ya nyumba walikuwa wengi zaidi. Dalili za malaria nazo zilielekea kuwa juu, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Digrii moja inaonekana kitu kidogo. Rudi usome tena zile siku 28 na siku 12, utaona katika nchi ya baridi digrii moja si ndogo.

Sababu yenyewe ni jua. Funjo linafunika maji, yanabaki baridi na meusi, na juu yake mara nyingi kuko utando kama wa mafuta, gambiae hapendi. Ukifyeka, ukachimba mifereji, jua linaingia na kila mfereji unaosimama unakuwa kitanda chake.

Sisemi bonde liachwe. Nasema mfereji utembee. Mfereji wa bonde uliochimbwa kwa mteremko mzuri na kusafishwa hauzai mbu, maji yanavichukua viluwiluwi. Ule ulioziba unazaa. Wacheni pia mkanda wa mafunjo kwenye chemchemi na kandokando ya mto, utachuja udongo na kushika maji ya kiangazi. Na kama mfereji lazima usimame, uwekewe kivuli. Katika vilima vya magharibi ya Kenya walipanda mabingobingo kando ya mifereji, na yalipokua na kufunika maji, viluwiluwi vya gambiae vilipungua sana. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Mabingobingo sisi tunayo tayari kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko. Kushusha vipande vichache bondeni kunaleta chakula cha ng'ombe na kivuli kwa mara moja. Lakini ukikata, usikate yote siku moja.

Wenye mpunga wa chini, upande wa Semliki, wajue kwamba hatari iko hasa katika wiki za kwanza baada ya kupandikiza, wakati maji yako wazi. Mpunga ukifunga majani gambiae anapungua. Kama bonde lenu linaruhusu kufungua maji na kuacha shamba likauke siku tatu au nne kisha kujaza tena, kabla ya siku kumi kupita, viluwiluwi havimalizi masomo. Na tusikimbilie kuulaumu mpunga. Huko Lower Moshi, Tanzania, kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu mara kadhaa kuliko majirani wake, na malaria yake ilikuwa chini. Aina iliyotawala pale, arabiensis, ilipenda kuuma ng'ombe, na watu wa mpunga walikuwa na pesa za chandarua na za dawa. Mbu wengi si lazima ugonjwa mwingi. Inategemea ni mbu gani, na ni nani anayelala chini ya nini.

Migomba, mateke na ganda la kakao

Watu hawaamini ukiwaambia kwamba mgomba unazaa mbu. Chota maji yaliyo katika makwapa ya jani la mgomba au la mateke, pale jani linaposhikana na shina, utaona. Hadithi ya mbu huyu iliandikwa ng'ambo ya mto wetu wenyewe. Bwamba, katika Bundibugyo ya leo, iko upande wa pili wa Semliki, msitu uleule, vilima vilevile vya Ruwenzori. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa taasisi ya Entebbe, ambayo ilianzishwa mwaka 1936 juu ya homa ya manjano, walikipata kirusi cha ugonjwa huo pale Bwamba, katika binadamu na katika mbu aitwaye Aedes simpsoni. Ni yeye anayezaliwa kwenye makwapa ya migomba na mateke.

Wakaunganisha vipande. Juu ya miti mirefu ya msitu, Aedes africanus anapeleka kirusi kutoka nyani hadi nyani. Nyani wanashuka pembeni ya msitu kuiba ndizi. Katika ndizi wanaumwa na simpsoni. Siku kadhaa baadaye simpsoni yuleyule anamuuma mtu anayekata kichane. Baadaye iligunduliwa kwamba simpsoni ni kundi la mbu wanaofanana sana, na si wote wanaopenda binadamu. Kwa mkulima haibadilishi kitu.

Hatutang'oa migomba, bila shaka. Kutia dawa katika kila kwapa ni kichekesho. Dawa ya jambo hili ni chanjo ya homa ya manjano, ile wanayopewa watoto wa miezi tisa pamoja na ya surua. Mama anayeishi karibu na msitu na kulima ndizi asikose ile siku. Mateke yasipandwe chini ya dirisha. Yapelekwe bondeni kwa wenzake.

Kakao ni habari tofauti, na hapa naomba wanachama wa Mangina, Oicha na Mutwanga wasome polepole. Ganda la kakao lililopasuliwa katikati na kutupwa mdomo juu ni bakuli. Mvua moja, limejaa. Siku chache, Aedes yumo. Ushauri wa haraka ungekuwa kusafisha kila kitu, kuchoma, shamba liwe jeupe. Tusifanye hivyo. Ua la kakao halichavushwi na nyuki. Linachavushwa na vinzi vidogo sana, vidogo kuliko mbu, ambavyo vinakua katika maganda ya kakao yanayooza na katika mashina ya migomba yaliyokatwa. Shamba jeupe ni shamba la maua mengi na matunda machache. Vinzi hivyo vinahitaji uozo wenye unyevu, havihitaji maji ya kusimama. Mbu anahitaji maji ya kusimama. Kwa hiyo: maganda yarundikwe pamoja, yakatwekatwe kwa panga au yageuzwe mdomo chini, yafunikwe na majani, na rundo libaki ndani ya shamba chini ya kivuli, mbali na nyumba. Mbu anakosa bakuli, vinzi vinapata kitanda, na msimu unaofuata una mboji. Tena usisahau kwamba maganda yenye ugonjwa wa kuoza kuwa meusi yanatengwa na kufukiwa. Hayo hayaingii katika rundo.

Katika mashimo ya miti na visiki vya mianzi utaona pengine kiluwiluwi kikubwa ajabu, chekundu au cheusi. Muache. Ni Toxorhynchites, mbu mkubwa asiyeuma mtu. Mzazi wake anakunywa maji matamu ya maua, na mtoto wake anakula viluwiluwi vya wengine.

Kwa nyumbani, nitapita haraka. Mapine ya zamani juu ya paa, bido zilizokatwa, makopo ya mbegu: Aedes. Vyoo vilivyojaa maji, mitaro ya mji yenye takataka, mashimo ya kulowekea muhogo: Culex. Mapipa ya maji ya mvua yafunikwe na kitambaa. Mafuta machafu ya moteri yasimwagwe kwenye maji, hata kama fundi wa pikipiki anayatoa bure. Yanaua samaki na yanabaki miaka katika udongo wa kabichi yako.

Pompe ya dawa

Jambo hili linatuhusu sisi wakulima kuliko munganga yeyote. Chandarua, kile tunachokiita mustikere, kimetiwa dawa ya ukoo wa pairetroidi. Dawa inayouzwa sana sokoni kwa nyanya na kabichi, cypermethrine, ni ya ukoo huohuo. Kila mara tunapoosha pompe mtoni, kila mara dawa inapotiririka toka kwenye matuta hadi kwenye mfereji, viluwiluwi dhaifu vinakufa na vyenye nguvu vinabaki kuzaana. Watoto wao wanaingia nyumbani na kutua juu ya chandarua bila kuanguka. Katika mikoa mingi ya nchi yetu gambiae sugu wamekwisha kupatikana, na ndiyo sababu siku hizi kuko vyandarua vya dawa mbili. Kilimo si chanzo pekee cha usugu huo, vyandarua vyenyewe vimechangia, lakini fungu letu tunaweza kulipunguza. Pompe ioshwe juu ya shamba lenyewe, maji yake yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji. Usipulize kwa kalenda, kila Jumatatu, eti kwa tahadhari. Puliza ukiona mdudu. Dawa ileile isirudi msimu mzima. Na ujue kwamba dawa hiyohiyo inaua watoto wa kereng'ende na mende wa maji, ambao ni wawindaji wa viluwiluwi na hawaombi mshahara.

Wengine wameniuliza juu ya Bt, unga tunaotumia kwa viwavi vya kabichi. Kuko ndugu yake, Bt israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976, ambaye anaua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru samaki. Lakini ni ndugu, si yuleyule. Ile ya kabichi haiui mbu; usipoteze pesa kuimwaga bwawani.

Kwa koperative zinazotaka kuanza, fanyeni hivi kabla ya mvua ya mwezi wa nane. Chagueni watu wawili kwa kila bonde, ikiwezekana mmoja awe reko wa kituo cha afya. Fungeni kikombe cheupe cha nusu lita kwenye mti wa mita moja. Kila wiki, siku ileile, wachote mara kumi pembeni ya kila maji yanayosimama: bwawa, mfereji, shimo, alama za magari. Katika daftari waandike mahali, kama kuko jua au kivuli, kama kuko samaki, na viluwiluwi vilivyolala vingapi, vilivyoning'inia vingapi. Kwa joto la Beni yai linakuwa mbu kwa karibu siku kumi, Butembo kwa zaidi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha kuwakamata kabla hawajaruka. Baada ya wiki nne, leteni daftari kwenye mkutano. Mara nyingi itaonekana kwamba maji matatu au manne ndiyo yanayozaa karibu Anopheles wote wa bonde, na hayo matatu au manne, salongo moja ya asubuhi inatosha kuyamaliza.